Tangi la aluminiamu kwenye boti za Ziwa Nyasa: dalili, chanzo na namna ya kulifunga upya

Tangi la aluminiamu likitoboka, mara nyingi tundu limeanzia nje, upande wa chini, mahali ambapo mwenye boti hajapaona tangu siku lilipofungwa. Petroli safi haili aluminiamu. Kinachoila ni maji yaliyokwama kati ya tangi na kitu kingine: ubao, zulia, povu, mpira, zege. Lawama nyingi anazotupiwa mchomeleaji wa Mwanjelwa, Mbeya, kwa kweli zingemfaa yule aliyelilaza tangi ndani ya boti.

Maelezo haya ni ya boti zenye tangi la kudumu: za abiria na mizigo zinazotoka Itungi na Matema kwenda vijiji vya chini ya milima ya Livingstone, za kutembeza wageni, na za kuvua usipa, wale dagaa wa ziwa hili, zenye mashine kubwa. Mwenye mtumbwi anayebeba tangi lake la plastiki mkononi hana shida hizi. Wa bwawa la Mtera, upande wa Iringa, watakuta karibu yote yanawahusu, isipokuwa habari za mvua nyingi ya Kyela.

Kabla ya kugusa chochote

Ukisikia harufu kali ya petroli ndani ya boti, usiwashe mashine, usiwashe taa, na usikimbilie kuchomoa waya wa betri, maana waya ukitengana na betri huku kuna kitu kinatumia umeme, cheche hutokea papo hapo. Shusha watu kwanza. Fungua vifuniko vyote vya sakafu upepo upite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali hushuka ngamani, chini kabisa ya boti, na kulala humo, na ukifika takribani asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo unaweza kuwaka. Mwite mtu ambaye hakuwepo ainame anuse chini, kwa sababu pua iliyokaa kwenye petroli huzoea haraka na kukudanganya. Akisema hakuna harufu, ndipo uanze kutafuta.

Harufu ipo, tone halionekani

Usianze na tangi, anza juu. Chunguza harufu inakuja lini, kwa kuwa wakati wake unataja chanzo. Ikizidi mara baada ya kujaza kisha ikapungua, angalia mpira wa kujazia na klipu zake. Ikija boti inapoyumba huku tangi limejaa, angalia gasketi ya geji pale juu ya tangi, maana wengi huikaza skrubu moja moja mpaka mwisho badala ya kuzikaza kwa kupishana, na gasketi inainuka upande mmoja. Ikiwa haikomi mchana na usiku, hata tangi likiwa nusu, funga kitambaa kikavu kuuzunguka mpira, kiache kidogo, kisha kinuse. Kikinuka, mpira umezeeka na mvuke unapenya kwenye ngozi yake ingawa hauvuji. Huo ni wa kubadilisha, hautibiki.

Mipira ya bustani na ile ya maji ya kunywa haifai hata kwa siku moja. Petroli huilainisha, kisha huikakamaza na kuipasua.

Mafuta yanaelea kwenye maji ya ngama, au tangi linapungua boti ikiwa imetulia

Hapa kiwango cha mafuta ndicho shahidi. Tangi likijaa linavuja, likifika nusu linakoma: tundu liko nusu ya urefu, au kwenye mshono wa ubavuni. Linavuja mpaka karibu kuisha: tundu liko chini kabisa. Weka alama kwenye kijiti cha kupimia jioni na asubuhi, boti ikiwa ufukweni na mpira wa kwenda kwenye mashine umefungwa, ili usije ukalisingizia tangi kwa kosa la kabureta.

Ukishashuku tangi, litoe. Kupima likiwa ndani ya boti ni kubahatisha. Na kulipima kwa hewa ya kompresa ni hatari, kwa sababu mabati mapana ya tangi huvimba na kupasuka kwa mgandamizo mdogo sana ambao geji ya kompresa haiwezi hata kuuonyesha.

Njia salama na rahisi ni maji. Toa mafuta yote, laza tangi juu ya ardhi iliyosawazishwa, lijaze maji mpaka pomoni, ziba matundu yote isipokuwa moja. Kwenye hilo moja funga mpira unaopitisha mwanga, usimamishe kwenye mti, uongeze maji mpaka yafike mita 2 na kidogo juu ya paa la tangi. Kila mita 1 ya maji yaliyosimama ina mgandamizo wa karibu kilopaskali 10, kwa hiyo unapata kama 20, ambao ndio mgandamizo unaotumika kupimia matangi ya boti katika viwango vya Marekani. Maji yatashuka kidogo mwanzoni kwa kuwa ubavu wa tangi unajitanua. Ongeza, kisha weka alama. Futa tangi nje likauke, upake chaki ya unga kwenye mishono na chini. Panapovuja chaki inalowa na kugeuka rangi, hata kama tundu halipiti ncha ya sindano. Usizidishe urefu wa mpira ukidhani unapima vizuri zaidi, utalikunja tangi.

Ukiliona tundu, ushauri wangu ni mmoja: usilichomelee kiraka. Tangi lililowahi kuweka petroli hubaki na mvuke kwenye pembe na nyuma ya vizuizi vya ndani (kuta zinazozuia mafuta yasikimbie huku na huku), hata baada ya kuoshwa, na watu wamekufa kwa kulipukiwa na matangi waliyodhani ni matupu. Zaidi ya hapo, tundu moja lililoonekana lina ndugu zake pembeni ambao bado hawajafika ng'ambo. Kiraka cha epoksi kinakufikisha nyumbani tu, na kwa petroli hata hicho sikishauri.

Unga mweupe, malengelenge na mashimo

Hili ndilo kiini cha mambo yote, na ndilo linalofaa kueleweka kuliko kuogopwa.

Aluminiamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba sana wa oksaidi. Utando huo ndio unaoilinda, na ukikwaruzwa hujijenga upya papo hapo mradi kuna oksijeni. Sasa weka maji kati ya bati na ubao uliobanana nalo. Oksijeni iliyomo kwenye maji hayo inaisha, mpya haiingii, utando unashindwa kujijenga, na bati linaanza kuliwa. Taka ya kule kuliwa ni unga mweupe unaonata kama ugali uliochacha. Unga huo nao unashika maji, kwa hiyo jambo linajiendesha lenyewe. Ndiyo maana tangi linaweza kung'aa juu na pembeni huku chini limebaki jembamba kama karatasi.

Ukilipindua tangi lililolazwa juu ya zulia, utayaona mwenyewe. Nyuzi za zulia zimejichora juu ya bati mstari kwa mstari kwa rangi nyeupe, na kila pale nyuzi zilipokutana pana kishimo. Paliposhikwa na ukanda wa mpira wa tyubu, mashimo yamejipanga kandokando ya ukanda ule, kwa kuwa maji huingia kwenye ukingo na kukwama. Mahali ambapo hapakuguswa na kitu, hata kama pamerukiwa maji kila siku, pako salama.

Hatuna chumvi ya bahari, na kwa kweli maji ya Ziwa Nyasa ni matamu na yanaila aluminiamu polepole kuliko ya Pwani. Lakini Kyela inanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na boti nyingi hulala ufukweni bila paa. Maji ya mvua yanachuruzika kwenye ubao, yanachukua uchafu, magamba ya samaki na chumvi ya usipa, kisha yanatulia chini ya tangi wiki nzima. Ziwa tamu halimwokoi mwenye boti isiyokauka.

Ukishaona unga, tafuta ni kipi kati ya hivi kilichouleta.

Kitu kinachonyonya maji. Ubao mtupu, zulia, gunia, sponji, povu la kupuliza lililopasuka. Dalili yake ni unga uliotanda eneo pana, wenye umbo la kile kilicholigusa.

Shaba. Hapa mashimo ni makali, yamejikusanya karibu na kifaa cha shaba nyekundu au ya njano: koki, nipeli, kiungo cha bomba. Shaba na aluminiamu zikigusana palipo na unyevu, aluminiamu ndiyo inayotoa sadaka. Maduka ya vifaa vya mabomba yamejaa viungo vya shaba, na fundi asiyejua huvikaza moja kwa moja kwenye tangi. Inatakiwa kiungo cha aluminiamu, au cha stenlesi. Ikilazimu kutumia koki ya shaba, kipande cha stenlesi kikae katikati yake na tangi.

Mbao zilizotiwa dawa. Hili watu wa nyanda zetu wanapaswa kulijua kuliko wengine. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi inatulisha mbao na nguzo, na nyingi zinatiwa dawa ya kuzuia mchwa ambayo ndani yake mna shaba, ndiyo inayoacha ule ukijani. Ubao huo ni mzuri kwa paa na uzio. Ukiutumia kama kitako cha tangi, kila mvua inaosha shaba kidogo na kuishusha juu ya aluminiamu. Bati linatobolewa vitundu vyembamba virefu, kana kwamba limepigwa misumari. Tumia mninga au mbao nyingine isiyotiwa dawa, na hiyo nayo ifunikwe kwa epoksi pande zote.

Zege. Kuna wanaomwaga zege chini ya boti ili isiyumbe, kisha wanalaza tangi juu yake. Chokaa ya saruji mbichi ni kali, na utando wa aluminiamu hauivumilii. Bati linakwaruzika lote kwa pamoja na kugeuka kijivu.

Umeme unaotoroka. Boti za usipa zina taa nyingi za usiku na nyaya zilizoungwa kwa mkono. Fundi akiligeuza tangi kuwa njia ya kurudishia umeme hasi wa taa, au waya uliochubuka ukaligusa, tangi linaliwa kwa miezi badala ya miaka. Washa taa zote, upime kwa multimita kati ya bati la tangi na hasi ya betri, mahali penye upepo na pasipo na harufu. Isome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma zaidi, zima taa moja baada ya nyingine mpaka umpate mwizi. Tangi linahitaji waya wake mmoja wa kuliunganisha na hasi, kwa ajili ya umeme tuli wakati wa kujaza mafuta, na waya huo usibebe kazi nyingine yoyote.

Ufa kwenye mshono au pembeni ya sikio

Ufa ni kesi nyingine, haina unga. Unakuta mstari mwembamba kandokando ya mshono, mara nyingi pale sikio la kufungia linapokutana na ubavu. Upepo wa mwera wa Mei hadi Agosti unanyanyua mawimbi mafupi yanayogonga mfululizo, na petroli ndani inakimbia huku na huku. Ikiwa tangi refu halina vizuizi vya ndani, uzito wote unagonga ukuta mmoja kila wimbi. Ikiwa masikio yamefungwa kwa bolti zisizolegea hata kidogo kwenye mbao zinazojipinda, bati ndilo linalojipinda badala ya mbao. Na ikiwa bati ni la milimita 1.5, halikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Mashine inapoteza nguvu, inakata, kisha inakubali tena

Mabaharia wengi hukimbilia plagi. Legeza kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa mluzi na mashine ikarudi kwenye nguvu zake, kipumulio, yaani bomba la kupitishia hewa ya tangi, kimeziba. Boti ikikaa nchi kavu, nyigu wa udongo hujenga ndani ya bomba hilo, na kiota kimoja kinatosha. Tangi lisilopumua hujikunja ubavu kwa ndani, na mikunjo hiyo huzaa nyufa baadaye. Weka wavu mwembamba wa stenlesi mdomoni, na bomba lenyewe liwe na kipenyo cha ndani cha milimita 14 au zaidi.

Kipumulio kikiwa wazi, fungua filta. Ukikuta maji, jiulize yameingiaje. Umande wa usiku huzungumzwa sana, lakini huleta kidogo. Mengi huingia kupitia oringi (pete ya mpira) iliyopasuka ya kifuniko kinacholala usawa wa sakafu, au yalikuja ndani ya dumu. Petroli inayouzwa kwa madumu vijijini ipitishe kwenye faneli yenye kichujio, na uache kidole kimoja cha mafuta ndani ya dumu badala ya kulikung'uta mpaka tone la mwisho.

Kuna jambo la mpakani pia. Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982. Boti iliyojaza upande wa Karonga inabeba mafuta yanayonyonya maji. Maji yakizidi, ethanoli inajitenga pamoja nayo na kushuka chini, na tabaka hilo hukaa juu ya bati na kulila kwa ndani. Ukiyajaza, yatumie upesi, usiliache tangi lilale nayo msimu mzima.

Ukikuta vipande vyeupe kama jeli kwenye filta, tangi linaliwa ndani. Kwenye dizeli, utelezi mweusi ni vijidudu vinavyoishi mpakani mwa maji na mafuta, na tindikali yao huchimba bati vilevile. Dawa ni kuyaondoa maji. Kubadilisha filta peke yake kunaahirisha tu.

Petroli inatoka kwenye kipumulio boti ikiwa imesimama juani

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Petroli huongezeka ujazo kama asilimia 1 kwa kila nyuzijoto 10. Mafuta yaliyopimwa Uyole kule Mbeya asubuhi ya Julai kwenye baridi ya nyuzi 12, yakiteremshwa mpaka ufukweni ambako mchana juani yanafika nyuzi 32, lita 100 zinakuwa kama 102. Tangi lililojazwa mpaka mdomoni litazimwaga hizo 2, na zikimwagikia ndani ya boti umerudi kwenye hatari ya mwanzo. Acha nafasi ya asilimia 5, na kipumulio kitokee nje ya ubavu wa boti, kamwe kisiishie ndani.

Kulifunga upya

Agiza bati la aina ya 5052, 5083 au 5086. Namba huwa imechapwa kwenye bati lenyewe; isome kabla halijakatwa. Bati la kuezekea na lile laini la masufuria havifai. Unene wa milimita 3 unatosha kwa matangi ya kawaida. Achomelee mwenye mashine ya TIG na gesi ya agoni, na vizuizi vya ndani viwepo. Kwa petroli, matundu yote yawe juu, pasiwe na koki ya kutolea chini. Paa la tangi liwe na mteremko mdogo ili maji yasisimame.

Tangi lisiguse boti. Liinue juu ya vipande vya faibaglasi au PVC ngumu, upana wa sentimita 4 hivi, vilivyobandikwa kwenye bati kwa gundi ya poliuretheni iliyotandazwa upana wote mpaka ikatoka pembeni. Maana ya kubandika ni kutoacha mwanya wa maji kuingia kati ya kipande na bati. Plastiki ya mabomba meusi ya maji usiitumie hapa, kwa sababu gundi haiishiki, na kipande kilichoachia ni mtego uleule wa zulia. Silikoni inayonuka siki nayo iache dukani: ile siki ni tindikali. Pande zote acha angalau milimita 6 za hewa, chini sentimita 2 zikipatikana, na sakafu ya chumba cha tangi iwe na njia ya kuchuruzisha maji kuelekea ngama.

Rangi si lazima. Tangi lisilopakwa rangi linalokauka linaishi kuliko lililopakwa vibaya, kwa kuwa rangi ikichubuka mahali pamoja, kuliwa kote kunajikusanya pale. Ukitaka kupaka, sugua kwa msasa, ondoa mafuta, paka praima ya kushikia aluminiamu, kisha epoksi mikono miwili. Rangi yoyote ya chini ya boti yenye shaba isikaribie.

Kila mwaka kabla ya mwera kuanza, fungua sakafu, pitisha kioo kidogo na tochi chini ya tangi. Ukiona doa jeupe, likwangue kwa kijiti, si kwa brashi ya chuma, maana chembe za chuma hubaki kwenye aluminiamu na kuanzisha shimo jipya. Pima kina cha shimo kwa ncha ya sindano. Likizidi robo ya unene wa bati, tangi lishuke.